Namna ya kushughulikia wasiwasi wa wakazi kuhusu shule inayopendekezwa mtaani

Jumapili moja alasiri, chini ya paa la mabati la kanisa moja la Mukuru, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, mama mboga mmoja alisimama na kuuliza swali ambalo kamati yetu ya shule haikuwa imejiandaa kulijibu: "Mwalimu, mmesema watoto mia mbili. Hicho choo chao kitamwaga wapi?" Mimi nilikuwa katibu wa kamati, na ndimi niliyesimama kumjibu. Nilisema kwamba suala la choo litashughulikiwa kwa mujibu wa sheria. Watu wawili walicheka, mzee mmoja akavaa kofia yake akatoka, na kuanzia hapo hakuna tulichosema kilichoingia masikioni mwa mtu. Mama yule aliishi upande wa chini wa kiwanja tulichokuwa tukikililia, mahali ambapo mtaro wa maji machafu hupita mbele ya mlango wake, na neno "litashughulikiwa" alikuwa amekwisha kulisikia kutoka kwa kila mtu aliyewahi kujenga upande wa juu.

Wiki iliyofuata tulirudi kwake na kamba ya kupimia. Yeye mwenyewe alishika ncha moja mlangoni, fundi akashika ya pili na kutembea hadi mahali palipochorwa choo kwenye ramani yetu. Ilikuwa mita kumi na nne. Tuliketi hapo hapo juu ya mawe, tukakubaliana choo kihamishiwe upande wa barabara, ambako gari la kunyonya maji taka lingeweza kufika bila kupita katikati ya nyumba za watu. Mabadiliko hayo yalitugharimu chumba kimoja cha darasa. Katika mkutano wa pili, mama yule ndiye aliyewaeleza majirani zake habari za choo, na alizieleza vizuri kuliko mimi.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu karibu yote ninayoyaandika hapa yametoka humo. Mkazi mwenye wasiwasi hahitaji ufasaha wetu. Anahitaji kitu anachoweza kukikagua mwenyewe, yaani kipimo, karatasi yenye mhuri, tarehe, au jina la mtu wa kuulizwa mambo yakienda kombo. Kamati inayotaka kufungua shule katika mtaa wa Nairobi itafika mbali ikiwa, kwa kila swali linaloulizwa, itajiuliza kwanza ni kitu gani inaweza kumwekea muulizaji mkononi.

Kwanza, semeni ni shule ya aina gani

Siku hizi vikundi vingi vinavyopanga shule hupenda kuiita "shule ya mkataba", jina walilolipata kwa kusoma habari za Marekani. Jina hilo lina maana yake mahususi. Huko Marekani, ambako mtindo huo ulianzishwa kwa sheria ya jimbo la Minnesota ya mwaka 1991 na shule ya kwanza ikafunguliwa mjini St. Paul mwaka 1992, shule ya mkataba ni shule ya umma: hulipiwa kwa fedha za umma, haitozi karo, huendeshwa na bodi yake yenyewe chini ya mkataba wenye malengo na muda maalumu, na yaweza kufungwa ikishindwa kuyatimiza. Waombaji wakizidi nafasi zilizopo, kwa kawaida wanafunzi huchaguliwa kwa bahati nasibu.

Kenya haina utaratibu huo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inagawa shule katika mafungu mawili, za umma na za kibinafsi, na shule nyingi za jamii katika mitaa ya mabanda huangukia chini ya mpango wa elimu mbadala, ule ambao walimu wengi huuita kwa herufi zake tu, APBET. Kitu kinachokaribia shule ya mkataba zaidi hapa kwetu ni kile tulichokizoea hata tukaacha kukiona: shule za umma zilizojengwa na makanisa, ambako serikali huleta walimu na kanisa hubaki na nafasi ya mfadhili inayotambuliwa na sheria. Kama shule yenu haitakuwa hivyo, msitumie jina linalomfanya mzazi aamini kwamba serikali italipa. Nimeona mkutano mzima ukivunjika kwa sababu mzazi mmoja alikuwa amesoma kwenye simu yake kwamba shule za mkataba ni za bure, kisha akasikia mweka hazina akitaja karo.

Kwa hiyo, kabla ya kuitisha baraza lolote, andikeni karatasi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, inayosema shule itasajiliwa chini ya utaratibu gani, nani atakayeimiliki, bodi itakuwa na watu wangapi na wangapi kati yao ni wazazi, itaanza na gredi zipi, na fedha za mwaka wa kwanza zinatoka wapi. Mahali ambapo jambo halijaamuliwa, andikeni kwamba halijaamuliwa, na mtaje siku litakapoamuliwa. Ibandikeni kwenye duka, kwenye kituo cha maji na kwenye lango la kanisa na msikiti angalau wiki mbili kabla ya mkutano.

Kusikiliza kabla ya kusema

Baraza la Jumanne saa nne asubuhi huwapata wazee, viongozi na watu wasio na kazi. Wazazi wenyewe wakati huo wako Industrial Area kwenye shifti, au South B wakifanya kazi ya mama fua, au barabarani na bodaboda. Chagueni Jumapili alasiri baada ya ibada, au jioni ya siku ya kazi baada ya saa moja ikiwa mahali pa mkutano pana taa na njia ya kwenda huko ni salama. Mwarifuni chifu na wazee wa nyumba kumi mapema, na mwakilishi wadi pia. Ila naamini chifu afungue mkutano kisha akae, kwa maana anapouongoza yeye, wapangaji hunyamaza.

Jambo la wapangaji nalisisitiza. Katika mitaa hii wakazi wengi hawamiliki nyumba wanazolala, na wasiwasi wa mpangaji ni tofauti kabisa na wa mwenye plot. Mwenye plot hufurahia shule kwa kuwa itavuta watu na kodi itapanda, na ni kodi hiyo hiyo inayomnyima mpangaji usingizi. Mkiwakutanisha wote pamoja mara ya kwanza, mtasikia sauti ya mwenye plot peke yake. Fanyeni vikao vidogo kwanza: cha wapangaji, cha akina mama, cha wenye nyumba, na kimoja na wenye shule ndogo zilizopo tayari, ambacho nitakirudia.

Katika vikao hivyo katibu awe na daftari lenye safu tano: wasiwasi kwa maneno ya aliyesema, kilicho nyuma ya wasiwasi huo, kitu kinachoweza kukaguliwa, mhusika, na tarehe. Safu ya pili ndiyo ngumu. Mtu akisema "watoto watapiga kelele", mara nyingi ni mama anayefanya kazi usiku na hulala mchana, na jibu lake ni mahali uwanja wa michezo utakapokuwa na saa za mapumziko. Lakini mara nyingine kelele ni neno la heshima tu la kuficha jambo asilotaka kulisema mbele ya watu, na mara nyingi jambo hilo ni ardhi.

Ardhi

Hapa msiharakishe. Wakazi wa Nairobi wana kumbukumbu, na kumbukumbu hizo zina msingi. Julai 2018, njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road ilipofunguliwa katikati ya Kibera, shule zilikuwa miongoni mwa majengo yaliyobomolewa. Mwaka 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walipoteza nyumba zao katika ubomoaji uliohusishwa na ujenzi wa barabara. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito kuhama, na matingatinga yakafuata. Mkazi anayewaambia "shule hii italeta tingatinga" hasemi upuuzi. Anajua kwamba ujenzi mkubwa huvutia macho ya wenye hatimiliki na ya wapimaji, na kwamba mabanda yaliyo pembeni ndiyo huondolewa kwanza.

Kwa hiyo wekeni mezani nakala ya matokeo ya uchunguzi rasmi wa umiliki kutoka ofisi ya ardhi, ambao kwa sehemu kubwa ya Nairobi sasa hufanywa kupitia mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa mwaka 2021. Kama kiwanja kina hatimiliki, mtaje namba yake na jina lililomo. Kama hakina, au kama kina mwenyewe ambaye hajawahi kukanyaga mtaani, semeni hivyo bila kuzunguka. Sehemu kubwa ya Mukuru iko katika hali hiyo, ndiyo maana mnamo Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango, na kamati yoyote inayojenga humo inapaswa kuonyesha mpango huo unasema nini juu ya kiwanja chake: je, palitengwa kwa shule, kwa barabara, au kwa mtaro wa maji ya mvua?

Baada ya karatasi, nendeni uwanjani. Pigeni vigingi kwenye pembe nne za kiwanja na mfunge kamba inayoonekana, kisha mwalike kila jirani aje aone kamba inapita wapi ikilinganishwa na ukuta wake. Kama kuna mto, pimeni umbali kutoka ukingoni mbele ya watu. Kama kuna familia zitakazolazimika kuhama, hata kama ni mbili tu, zungumzeni nazo kabla ya mtu mwingine yeyote kusikia, mkiwa na makubaliano ya maandishi kuhusu fidia, mahali pa kuhamia na siku ya kuhama. Sioni njia ya kupata imani ya mtaa huku familia mbili zikilia pembeni, na kwa maoni yangu kamati isiyo na fedha za kuwahamisha kwa heshima itafute kiwanja kingine.

Fedha, na watoto watakaoachwa nje

Swali la "karo ni ngapi?" mara nyingi lina swali lingine ndani yake: mtoto wangu atarudishwa nyumbani lini? Mzazi anayelipwa kwa siku haogopi sana jumla ya mwaka. Anaogopa Jumatatu ile ambayo kazi haikupatikana. Mjibuni kwa kanuni iliyoandikwa ya malimbikizo: kwamba karo yaweza kulipwa kwa wiki kupitia simu, kwamba mtoto hatatolewa darasani katikati ya muhula kwa sababu ya deni, na kwamba mzazi aliyekwama atamwona mtu fulani kabla ya tarehe fulani. Kisha orodhesheni kila shilingi katika karatasi moja, pamoja na chakula, sare, vitabu, mtihani na masomo ya ziada. Gharama inayochomoza Februari baada ya kufichwa Januari huwafanya wazazi waone kwamba walidanganywa tangu mwanzo, hata kama haikuwa nia yenu.

Kuna wanaouliza pia kwa nini walipe ilhali Katiba, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na elimu ya msingi bila malipo imekuwepo katika shule za umma tangu mwaka 2003. Msibishane nao. Wana haki, na jibu la kweli ni kwamba shule yenu haiondoi wajibu wa serikali. Waonyesheni shule ya umma iliyo karibu zaidi ni ipi, mtoto mdogo huvuka barabara gani kuifikia, na kama ina nafasi; halafu waacheni waamue.

Wasiwasi wa mwalimu mkuu wa shule hiyo ya umma ni wa hesabu, na inafaa ujibiwe kwa hesabu. Viwango vilivyowekwa na serikali vya fedha inazozipa shule za umma ni shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, na shilingi 15,042 kwa mwanafunzi wa sekondari ya chini. Watoto 60 wa madarasa ya chini wakihama, shule ile inapungukiwa na shilingi 85,200 kwa mwaka. Wakiwa ni watoto 60 wa gredi ya saba hadi ya tisa, upungufu unafika shilingi 902,520, na hilo ni pigo ambalo mwalimu mkuu hawezi kulifidia kwa kubana matumizi ya chaki. Kwa hesabu hiyo kamati yetu iliamua kuanza na madarasa ya chini pekee. Mwendeeni mwalimu mkuu ofisini kwake kabla hajasikia habari zenu barazani, mkiwa na karatasi ya hesabu mkononi. Huenda akawaambia, kama tulivyoambiwa sisi, kwamba darasa lake la pili limefurika na watoto kadhaa wakipungua atapumua.

Wenye shule ndogo za mtaani ndio watakaowapinga kwa nguvu zaidi. Wengi wao ni akina mama walioanza na watoto kumi sebuleni, wakaajiri walimu wawili, wakavumilia miaka ya wazazi wasiolipa, na sasa wanaona kamati yenye wafadhili ikija kuchukua wanafunzi wao kwa jengo la mawe. Kuwaita wabinafsi ni kosa. Kaeni nao na mwaulize ni gredi zipi wasizoweza kuzibeba, kisha mwone kama shule yenu inaweza kuanzia hapo, kuwapokea wahitimu wao, na kuwahoji walimu wao wenye sifa kabla ya kutangaza nafasi nje. Mtapoteza idadi fulani ya wanafunzi mwaka wa kwanza kwa kufanya hivyo. Naona ni hasara inayovumilika.

Walimu na usalama

Haya yanajibika upesi ikiwa kazi imefanywa. Kila mwalimu sharti awe amesajiliwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, basi bandikeni orodha ya majina na namba zao za usajili. Kuhusu jengo, mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka milango ifunguke kuelekea nje na madirisha yasiwekwe vyuma, na mzazi yeyote anaweza kuyakagua hayo bila kuwa mhandisi. Septemba 2019, darasa la ghorofa la shule moja ya Dagoretti liliporomoka asubuhi watoto wakiwa ndani, na baadhi yao wakafariki. Akitaja mkutanoni tukio hilo mtu yeyote, msimwambie kwamba ninyi ni tofauti. Mwonyesheni cheti cha ukaguzi wa jengo, ripoti ya afisa wa afya ya umma, na, pale inapohitajika, idhini ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Siku ya baraza kuu

Mkutano uendeshwe kwa Kiswahili kuanzia sala ya kufungua hadi ya kufunga, hata kama mfadhili aliyekuja hajui neno. Anzeni kwa kusoma daftari: "Mlisema hivi, tumefanya hivi, hili bado, na litakuwa tayari tarehe fulani." Waliowahi kuuliza katika vikao vidogo wapewe nafasi ya kwanza kusema kama wameridhika. Msijibu maswali matano kwa mkupuo, kwa sababu lile gumu huzama katikati na kila mtu huliona linavyozama.

Msigawe pesa za nauli. Najua desturi ilivyo, na najua bila bahasha watu watakuwa wachache, lakini mkigawa shilingi mia mbili mbili, orodha ya mahudhurio haitakuwa na thamani yoyote mbele ya afisa wa elimu, na wapinzani wenu watakuwa na hoja ambayo hamtaweza kuijibu. Chai na mkate vinatosha. Vijana waliotumwa na mwanasiasa kuvuruga mkutano nao huja. Wakija, wapeni kipaza sauti kwa zamu kama watu wengine na mwandike wanachosema, maana aliyetumwa kupiga kelele huishiwa maneno haraka anapoombwa ataje wasiwasi wake ili uandikwe pamoja na jina lake.

Kumbukumbu za mkutano zisomwe hapo hapo kabla watu hawajatawanyika, zitiwe sahihi na wakazi wawili, mmoja wao awe ni miongoni mwa wanaopinga. Mtu akitaka hati iliyo katika ofisi ya umma ambayo ninyi hamna, mwelekezeni kwenye Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inayoitaka ofisi kutoa uamuzi ndani ya siku 21, na mumsaidie kuandika barua hiyo hata kama majibu yake huenda yakawaumiza.

Yatabaki mambo ambayo hayatatatuliwa. Jirani mmoja wa shule yetu aliendelea kupinga mpaka mwisho, kwa sababu kivuli cha ukuta wetu kingefunika mahali anapoanikia nguo za wateja wake, na hatukuwa na mahali pengine pa kuuweka ukuta. Tulimpa kamba ya kuanikia ndani ya uwanja wa shule siku za Jumamosi. Aliikubali, lakini hakuondoa pingamizi lake, na limo katika kumbukumbu kwa maneno yake mwenyewe. Mwishoni mwa muhula wa kwanza tulirudi kwake na daftari lile lile, tukaanzia ukurasa wake.